Simu Katika Biashara Ndogo: Kumbukumbu, Malipo, Mikopo na Utapeli

Mada hii huwapotezea watahiniwa wengi alama, si kwa sababu ni ngumu, bali kwa sababu wanaidhania rahisi. Swali likisema, "Eleza namna teknolojia inavyomsaidia mfanyabiashara mdogo," mwanafunzi huandika haraka: teknolojia hurahisisha kazi, teknolojia huokoa muda, teknolojia huongeza kipato. Hoja tatu, mfano hata mmoja hakuna. Sentensi hizo zingeweza kuandikwa vilevile kuhusu trekta, cherehani au mashine ya kusaga. Msahihishaji anatafuta jambo moja: je, mtahiniwa anajua kinachotokea dukani?

Kwa hiyo hapa tutachukua kifaa kimoja tu, simu ya mkononi, na mahali pamoja, Bariadi na mkoa wa Simiyu kwa jumla. Kama unasoma ukiwa Njombe au Lindi, badilisha mchele uwe viazi au korosho. Hesabu itabaki ileile. Hesabu zifuatazo ni za mfano wa kujifunzia, lakini ukimpelekea mwenye duka jirani yako atakuambia zinafanana na zake. Wengi wenu mnaosoma kitabu hiki mnalipiwa mahitaji ya shule na genge, banda la chipsi au kibanda cha wakala. Mkielewa sura hii, mnaweza kuitumia jioni hiihii kabla hata ya mtihani.

Mazingira ya biashara Simiyu

Simiyu ni miongoni mwa mikoa minne iliyoanzishwa mwaka 2012, pamoja na Geita, Katavi na Njombe. Makao makuu yake ni Bariadi, na wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni mkoa wa pamba, ng'ombe, dengu, choroko na mpunga. Ukitaka kuelewa biashara ndogo za huku, anza na jambo hili: fedha haziji kila mwezi kama mshahara, huja kwa msimu.

Ununuzi wa pamba huanza kuanzia Mei hivi. Juni hadi Agosti mkulima ana fedha mkononi. Bati, baiskeli, vitenge na magodoro hutoka. Ikifika Januari hadi Machi, pamba bado iko shambani, chakula kimepungua ghalani na ada na sare za shule zimeshamaliza akiba. Kipindi hicho mwenye duka huuza kwa mkopo kuliko kwa fedha taslimu. Mfanyabiashara asiyeandika huona Julai anatajirika na Februari anafilisika, wakati pengine biashara ni ileile na faida ni ileile. Kinachobadilika ni lini fedha inaingia. Kazi ya kwanza ya simu, kabla ya mambo ya mtandao, ni kumsaidia aione tofauti hiyo.

Pesa ya simu ilitoka wapi

Jirani zetu wa Kenya walianza kutumia M-Pesa mwaka 2007, na Tanzania huduma hiyo ikaanza mwaka 2008. Baadaye zikafuata Airtel Money, HaloPesa na Tigo Pesa, ambayo tangu 2024 inaitwa Mixx by Yas. Mwanzoni kila mtandao ulikuwa kisiwa: mwenye laini ya kampuni moja hakuweza kumtumia moja kwa moja mwenye laini ya kampuni nyingine. Kuanzia 2014 kampuni zilianza kuunganisha huduma zao.

Jambo ambalo wanafunzi hulisahau ni kwamba huduma hizi hazikuhitaji simu ya kisasa. Mtu mwenye kitochi anabonyeza nyota, tarakimu na alama ya reli, mfano *150*00#, menyu inafunguka, anachagua namba. Hapati picha wala rangi, lakini hahitaji bando la intaneti wala simu janja. Ndiyo maana pesa ya simu ilifika Mwandoya na Nkololo mapema kuliko intaneti yenye kasi. Ukiulizwa kwa nini teknolojia fulani ilienea vijijini na nyingine ikakwama, tumia mfano huu: iliyoenea ni ile iliyokubali kifaa ambacho watu walikuwa nacho tayari.

Sera nazo hugusa teknolojia. Julai 2021 Serikali ilianzisha tozo katika miamala ya simu. Watu walilalamika, baadhi wakarudi kubeba fedha mfukoni, na Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mfanyabiashara mdogo anahesabu makato. Huduma ikiwa ghali, anaiacha, hata kama ni nzuri.

Kumbukumbu: mfano wa gunia la mchele

Sehemu hii ndiyo moyo wa mada. Isome ukiwa na kalamu.

Chukulia mama mmoja ana kibanda cha nafaka Bariadi mjini. Ananunua gunia la mchele la kilo 100 kwa shilingi 210,000 na kulipa usafiri shilingi 4,000. Anauza kilo moja shilingi 2,500. Ukimuuliza anapata kiasi gani kwa gunia, anajibu bila kusita: "Elfu thelathini na sita." Amepata vipi? Kilo 100 mara 2,500 ni 250,000, toa 214,000, zinabaki 36,000. Hesabu yake ni sahihi. Tatizo ni kwamba hakuna gunia linalouzwa hivyo.

Tufuatilie gunia lenyewe. Kilo 2 zinapotea katika kupima, kwa kuwa kila mteja huongezewa kidogo na mchele mwingine humwagika. Kilo 6 zinapikwa nyumbani. Zinazouzwa ni kilo 92, sawa na shilingi 230,000. Nusu ya wateja wanamlipa kwa simu, kwenye laini yake binafsi. Anapotaka kununua gunia jingine anakwenda kwa wakala kutoa fedha. Chukulia makato ni 3,500. Pango na umeme, tukigawa kwa gunia, ni 5,000.

Sasa tuweke sawasawa. Gharama ya kilo moja ni 214,000 gawa kwa 100, yaani 2,140. Kilo 6 za nyumbani ni matumizi binafsi ya mwenye biashara, thamani yake 12,840. Hapa ndipo watahiniwa wengi huteleza: matumizi binafsi si gharama ya biashara. Hayaingii pamoja na pango. Yanatolewa kwenye manunuzi, kwa sababu bidhaa ile haikuuzwa, imechukuliwa na mwenye mali. Kwa hiyo gharama ya bidhaa zilizouzwa, pamoja na zile kilo 2 zilizopotea, ni 214,000 toa 12,840, sawa na 201,160. Faida ghafi ni 230,000 toa 201,160, sawa na 28,840. Toa makato 3,500 na pango 5,000. Faida halisi ni 20,340.

Kati ya hizo 20,340, shilingi 12,840 zimeshaliwa kama wali. Kilichobaki kukuza mtaji ni 7,500. Mama huyu anajipangia maisha ya shilingi 36,000 kwa kila gunia huku biashara ikimbakishia 7,500. Mtaji unapungua, yeye anasema kuna mkono wa mtu. Sijasema watu hawana wivu, lakini kabla ya kumtafuta mbaya wako, tafuta daftari.

Teknolojia inaingia wapi? Si lazima apakue programu. Jumbe za miamala zinazokaa kwenye simu yake tayari ni kumbukumbu zenye tarehe, saa na kiasi. Kosa ni kuzifuta ili "kupunguza mafuriko ya meseji". Mwenye simu janja anaweza kutumia jedwali la kawaida la kompyuta lenye safu tano: tarehe, bidhaa iliyoingia, iliyouzwa, iliyochukuliwa nyumbani, na mkopo uliotolewa. Mwenye kitochi atumie daftari la mistari na kikokotoo cha simu. Daftari linalojazwa kila siku ni bora kuliko programu iliyofunguliwa mara moja. Kama unataka kumsaidia mzazi, usianze kwa kumwonyesha programu mpya. Anza kwa kumuuliza kila jioni maswali mawili, umeuza ngapi na umechukua nini, ujaze mwenyewe.

Safu ya mkopo ni muhimu sana kwa mkoa wa msimu kama huu. Deni la Februari linalipwa Juni. Likiandikwa kichwani, mwenye duka anasahau, mdaiwa anasahau zaidi. Baadhi ya wauzaji sasa humtumia mdaiwa ujumbe mfupi siku ileile anapokopa: "Umechukua sukari kilo 2, jumla 6,000." Mdaiwa akijibu "sawa," huo ni ushahidi mzuri kuliko daftari ambalo mwenye duka ameliandika peke yake.

Kumbukumbu na kodi

Swali la kodi hutisha, lakini hapa hesabu inamfurahisha mwenye daftari. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyoanza kutumika mwaka wa fedha 2019/20, mfanyabiashara ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 4 hakutozwa kodi hiyo. Mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 4 hadi milioni 7 alilipa shilingi 100,000 kama hana kumbukumbu. Kama anazo, alilipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4.

Mama wa mchele anauza magunia 2 kwa mwezi, yaani 24 kwa mwaka. Mauzo yake ni 230,000 mara 24, sawa na 5,520,000. Kinachozidi milioni 4 ni 1,520,000. Asilimia 3 yake ni 45,600. Bila daftari angelipa 100,000. Daftari la shilingi elfu mbili limemwokolea 54,400, ambayo ni zaidi ya faida ya magunia mawili. Zingatia kuwa hata mwenye mauzo ya milioni 7 kamili analipa 90,000 akiwa na kumbukumbu. Ndani ya kundi hili hakuna kiwango ambacho kutokuwa na daftari kuna nafuu.

Viwango hivi hubadilishwa na Sheria ya Fedha, ambayo huanza kutumika Julai kila mwaka. Katika mtihani, andika mwaka wa kiwango ulichotumia. Dukani, uliza ofisi ya TRA. Namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa bila malipo. Anayekudai "ya kushughulikia" anakula hela yako.

Kupokea malipo

Kuna tofauti kati ya mteja kukutumia pesa kwenye laini yako na mteja kukulipa kwenye Lipa Namba. Laini binafsi huchanganya pesa ya mchele, mchango wa harusi na pesa aliyotuma shangazi kutoka Mwanza. Lipa Namba ni namba ya biashara. Kinachoingia humo ni mauzo, na jumla ya siku unaiona bila kuchambua. Kwa mtu anayejaribu kuweka kumbukumbu, hiyo peke yake ni sababu tosha. Benki Kuu nayo imeandaa TANQR, alama ya mraba ya pamoja, ili mteja wa mtandao au benki yoyote askani alama moja badala ya kibandani kubandikwa karatasi sita.

Lakini faida kubwa haipatikani katika kupokea, hupatikana katika kulipa. Rudi kwa mama wa mchele. Anapokea kwa simu, anatoa kwa wakala kwa makato ya 3,500, anabeba noti hadi kwa muuzaji wa jumla, ambaye jioni anazirudisha noti zilezile kwa wakala. Akimlipa muuzaji wa jumla kwa simu moja kwa moja, na tuchukulie gharama ni 1,000, anaokoa 2,500 kwa gunia. Kwa magunia 24 ni shilingi 60,000 kwa mwaka, na barabarani habebi noti. Hoja ya "teknolojia hupunguza gharama" sasa ina mwili.

Ina upande wa pili pia. Mtandao ukikatika siku ya mnada, mwenye kupokea kwa simu tu anaangalia wateja wakihamia kwa jirani. Mzee wa kutoka kijijini aliyeuza mbuzi ana noti mkononi. Kwa Simiyu, ushauri wangu ni kupokea vyote viwili.

Wakala: biashara yenye mitaji miwili

Kijana akimaliza kidato cha nne huku, biashara ya kwanza anayoiwaza mara nyingi ni uwakala. Kibanda kidogo, kiti, mwavuli. Wengi hufunga ndani ya mwaka, na sababu kubwa ni moja: hawakuelewa kwamba wakala ana mtaji mmoja uliogawanyika sehemu mbili, na kila sehemu ina njaa yake.

Sehemu ya kwanza ni floti, yaani pesa iliyo kwenye simu. Sehemu ya pili ni keshi, noti zilizo kwenye droo. Mteja anayeweka pesa anakupa noti na kuchukua floti. Mteja anayetoa anakupa floti na kuchukua noti. Jumla ya mtaji haibadiliki. Ukiwa na milioni 2 asubuhi, jioni una milioni 2 na kamisheni. Kinachobadilika ni mgawanyo.

Sasa weka msimu. Julai wakulima wa Dutwa na Itilima wanalipwa pamba, wengine kwa simu, na kila mtu anataka noti. Saa tatu asubuhi keshi imeisha na floti imejaa. Wateja wapo, pesa ipo, kazi hakuna. Januari, shule zinapofunguliwa, mambo yanageuka: wazazi wanakuja na noti kuwatumia watoto walio mbali, floti inaisha, droo imejaa. Wakala asiyejua hili hugawa mtaji nusu kwa nusu mwaka mzima na kulalamika kwamba biashara ni ngumu.

Anayejua hufanya tofauti. Julai anaanza siku na keshi nyingi, tuseme milioni 1.6 na floti laki 4, Januari anageuza. Pia anatafuta mahali pa kubadilishia karibu: tawi la benki, wakala mkuu, au mwenye duka la jumla ambaye jioni ana noti asizotaka kulala nazo. Uhusiano huo wa mwisho haugharimu kitu na unawaokoa wote wawili. Kibanda kilicho mbali na chanzo cha kubadilishia kina wateja wachache wanaoshindana naye, ndiyo, lakini kila safari ya bodaboda kwenda kubadilisha inakula kamisheni. Piga hesabu ya safari kabla ya kuchagua mahali.

Mikopo ya kwenye simu

Mwaka 2014 M-Pawa ilianza kuwawezesha wateja kuweka akiba na kukopa kidogo kupitia simu. Tangu hapo njia za kukopa zimeongezeka, na pamoja nazo zimekuja programu za mikopo zisizo na leseni. Mwishoni mwa mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu za aina hiyo na kuwataka wananchi wazikwepe. Nyingine humtaka mkopaji aruhusu zisome majina yote kwenye simu yake. Akichelewa, mama mkwe, mwalimu wake na wateja wake wote wanapigiwa simu kwamba fulani hadaiki. Nchini kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria hufuata baada ya aibu kuwa imeshatembea.

Tuache aibu, tutazame hesabu. Programu inaandika: mkopo 100,000, siku 14. Unapokea 85,000, kwa kuwa 15,000 imekatwa mwanzoni kama "huduma". Baada ya siku 14 unarudisha 100,000. Mwanafunzi wa haraka atasema gharama ni asilimia 15. Si kweli. Ulichokopa hasa ni 85,000, ndicho kilichofika mkononi. Gharama ni 15,000 gawa kwa 85,000, karibu asilimia 17.6, tena kwa siku 14. Ukiipeleka kwenye siku 30 ni karibu asilimia 38. Linganisha na ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi ambao Benki Kuu iliuweka kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni.

Je, mama wa mchele achukue? Kwa 85,000 ananunua kilo 39 na ushei, kwa 2,140 kila moja. Kwa kila kilo anapata 360. Akiuza zote, bila hata moja kupikwa wala kumwagika, anapata takriban 14,300. Mkopo unamdai 15,000. Amefanya kazi wiki mbili ili akose shilingi 700, na bado hatujagusa pango. Katika mtihani, ukionyesha ulinganisho huu, faida ya bidhaa dhidi ya gharama ya mkopo, umejibu swali ambalo wengi hulijibu kwa kuandika "mikopo ina riba kubwa" na kuishia hapo.

Hii haina maana kwamba kukopa ni kosa. Anayekopa Mei kununua bati atakazouza Juni kwa faida nene yuko mahali tofauti na anayekopa Februari kununua mchele.

Utapeli

Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupata ule ujumbe unaosema ile hela itumwe kwenye namba hii. Umezoeleka hadi umekuwa utani, lakini bado unafanya kazi, kwa sababu tapeli anatuma kwa maelfu akimsubiri mmoja ambaye saa hiyo kweli anatakiwa kumtumia mtu hela.

Kwa mfanyabiashara, hatari kubwa zaidi ni ujumbe bandia wa malipo. Nyumbani kwetu tuna duka dogo la vifaa vya shule. Siku moja mteja alichukua madaftari na kalamu za shilingi 64,000, akasema amelipa, na ujumbe ukaingia kweli: umepokea 64,000, salio lako ni 114,000. Jina, muda, namba ya muamala, vyote vilikuwepo. Akaondoka. Jioni ndipo tulipofanya hesabu ambayo ingechukua nusu dakika. Ujumbe wa kabla yake ulionyesha salio la 23,400. Ukiongeza 64,000 unapata 87,400. Ile 114,000 ilitoka kichwani mwa tapeli, kwa kuwa alijua kila kitu isipokuwa salio letu.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kukagua, na yana uzito tofauti. Kwanza mtumaji: ujumbe halali huja kwa jina la huduma, si kutoka namba ya kawaida. Hili husaidia, lakini mwenye duka aliyezidiwa na wateja halitazami. Pili, salio jipya lazima liwe sawa na salio la zamani jumlisha kilichoingia. Tatu, na hili ndilo la uhakika, fungua menyu mwenyewe uangalie salio. Usimtegemee mteja akuonyeshe simu yake. Mteja mwema hakasiriki kusubiri.

Kuna utapeli wa usajili pia. Tangu 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Msajili wa barabarani anaweza kukuambia kidole hakijasoma, bonyeza tena, na tena; kumbe kila mara anasajili laini nyingine kwa jina lako, ambayo kesho itatumika kuibia watu. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usizozijua ziripoti kwa kampuni husika. Namba za matapeli hutumwa kwa ujumbe kwenda 15040. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusika na makosa ya aina hii. Namba ya siri haiombwi na mhudumu yeyote, hata anayejua jina lako lote matatu.

Mengine kwa kifupi

WhatsApp ya biashara humwezesha fundi wa magodoro au mshonaji kuweka picha za kazi zake na bei. Picha ipigwe mchana, na bei iandikwe, maana "njoo inbox" huwafukuza wateja wengi kuliko inavyowaita. Mzani wa kidijitali hupunguza ubishi, hasa kwenye pamba ambako mkulima na mzani wana historia ndefu ya kutoaminiana. Lakini mzani wowote, wa mawe au wa kioo, unapaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo, na ukitetereka kwa kuwekwa juu ya udongo usio sawa unadanganya kwa tarakimu safi. Umeme hukatika: mwenye kibanda awe na pawabenki au paneli ndogo ya jua, kwa kuwa duka linalopokea kwa simu iliyozima chaji limefungwa hata kama mlango uko wazi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa kutumia mfano wa gunia la mchele, eleza kwa nini kilo 6 zilizotumika nyumbani hazihesabiwi kuwa gharama ya biashara. Faida halisi ingekuwa kiasi gani kama zingeuzwa zote kwa 2,500?

2. Wakala ana mtaji wa shilingi 1,500,000, floti 900,000 na keshi 600,000. Kabla ya saa sita wateja wametoa 550,000 na kuweka 120,000. Onyesha floti na keshi zilizobaki bila kuhesabu kamisheni, kisha sema kama huu ni mwezi wa Julai au Januari na kwa nini unafikiri hivyo.

3. Ujumbe unasema: umepokea 35,000, salio lako jipya ni 61,500. Salio lako la awali lilikuwa 27,500. Utampa mteja bidhaa? Onyesha hesabu.

4. Muuza vitenge wa Lamadi ana mauzo ya shilingi 6,200,000 kwa mwaka na hana kumbukumbu. Kwa viwango vya mwaka 2019/20, amepoteza kiasi gani?

5. Nenda kwenye duka moja karibu na kwenu. Kwa ruhusa ya mwenyewe, andika kwa siku saba kilichonunuliwa, kilichouzwa, kilichokopwa na kilichochukuliwa nyumbani. Tafuta faida halisi, kisha mwulize mwenye duka alidhani ni kiasi gani kabla hujamwonyesha.